Kikohozi Kilichosafishwa

Ulikuwepo ukumbini siku ile, usijitie hamnazo. Ulikaa safu ya nne, karibu na feni, ukapewa soda, ukaitazama filamu ya miaka thelathini ya kiwanda tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipofika sehemu ya chumba cha rangi uliyaona mabega ya wale wanawake yakirukaruka, na hukusikia kitu. Ukainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyako siku hiyo havikuwa na kamba.

Basi kaa, usikilize sauti ile ilikokwenda.

Mwanamke aliyeitengeneza filamu alikuwa mkata vitambaa, na kiwandani walimwita Mkasi. Kwa miaka kumi na mitano alikata mifuko na kola za sare kwenye meza ndefu ya bati. Jioni alirudi nyumbani, akavua viatu, akabandika maji ya chai, akakaa mbele ya kompyuta kuukuu pembeni mwa sebule, akaendelea kukata. Huku alikata video. Mwenzake akistaafu, akioa, akifungua kibanda cha kunyolea, Mkasi ndiye aliyerekodi kwa kamera yake ndogo na kuunga vipande. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kubonyeza na kuharibu.

Programu yake ilikuwa ya bure, yenye vitufe sita. Ilijua kukata, kuunga na kuandika jina la mtu chini ya picha. Haikujua kutenganisha sauti na picha. Ukikata kimoja, umekata vyote. Na kila alichokikata kilianguka chini ya meza. Vilikuwa vipande vyembamba, upana wa vidole viwili, vyenye joto kidogo kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Ukikisogeza sikioni ulisikia kilichomo, na ukikiinua kwenye mwanga ulikiona. Mkasi alivifagia kila jioni, akavitia kwenye gunia nyuma ya mlango, maana kazini alizoea kwamba mabaki hayatupwi.

Majirani walilijua gunia. Mlinzi mmoja mstaafu alikuja kudai kigugumizi chake, sekunde kumi na moja za hotuba ya kuagwa. Alisema ile hotuba iliyonyooka ilimfanya aonekane mtu mwingine nyumbani kwake mwenyewe. Mkasi alipekua nusu saa, akakipata, akamfungia kwenye gazeti. Mlinzi alishukuru, akaondoka nacho kwapani.

Dada wa mume wa Mkasi, ambaye waliitana wifi tu, alifanya kazi chumba cha rangi. Madirisha ya chumba kile yalipigiliwa misumari mwaka wa pili wa kiwanda ili vumbi la barabarani lisiharibu vitambaa, na mvuke wa rangi ukabaki humo humo na watu. Wifi alikohoa. Alianza polepole, kama mgeni anayebisha hodi, na kila mwaka mgeni akabisha kwa nguvu zaidi. Kikohozi hicho kilikuwemo katika video zote za Mkasi, miaka kumi na mmoja, kila sherehe. Hakikuweza kuondolewa. Wifi alikohoa katikati ya maneno, na kukikata ilikuwa kuukata pia mzaha aliokuwa akiusema. Mizaha ya wifi ilikuwa mizuri. Basi kikaachwa.

Mwaka wa ile filamu wifi aliiandikia kamati ya usalama kazini akiomba madirisha yafunguliwe. Kamati ilijibu kwamba alete ushahidi kuwa kikohozi kilimkuta kazini na kikazidi humo, ikampangia Jumanne ya mwisho wa mwezi.

"Ushahidi ninao," wifi alisema akimimina chai. "Zile video zako mbovu ndizo wakili wangu."

Wiki hiyo hiyo bwana wa mahusiano, aliyehusika na sifa njema za kiwanda, alimkuta Mkasi kwenye meza ya bati. Alitaka filamu ya miaka thelathini. Alikuwa na kisanduku chenye programu ya kuhariri video ya wataalamu, wanayoitumia watu wa sinema, leseni ikiwa imeshalipiwa.

"Kipaji kama chako hakikai kwenye vitufe sita, mama," alisema. "Hapa utapata mia mbili na arobaini."

Mkasi alijua anavikwa kilemba cha ukoka. Alijua pia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumvika kilemba cha aina yoyote. Alikipeleka kisanduku nyumbani, akakiweka juu ya kabati, kikakaa siku tatu.

"Wewe kazi yako ni kuunga watu wanaokata keki," wifi alisema. "Mashine ya watu wa sinema unaitakia nini?"

"Hii yangu inakwama, wifi. Ikifika dakika ya ishirini inaganda kama uji uliosahauliwa."

"Iache igande, unywe chai. Mtu anayefanya jambo kwa kulipenda ana haraka gani?"

"Nimechoka kusikia 'kwa mtu wa kujifurahisha, si mbaya.' Nataka mara moja tu waseme ni nzuri, waishie hapo."

Wifi alikohoa, akacheka, akakohoa tena. "Basi chukua. Ila mimi usinitengeneze nikawa mrembo, mume wangu atadai maelezo."

Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo linalouma. Siku ya nne alikishusha kisanduku mwenyewe.

Alijifunza kwa wiki moja. Programu ilitenganisha sauti na picha kama mtu anayebandua ganda la yai. Ilikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa Safisha Sauti. Ofisi iliomba makelele ya chumba cha rangi yapunguzwe kidogo, akakibonyeza, yakapungua. Kisha akachukua ufagio, akainama chini ya meza. Sakafu ilikuwa tupu. Alipomuuliza bwana wa mahusiano mabaki yanakwenda wapi, alijibiwa kwamba programu ya wataalamu haina mabaki, ndiyo tofauti yake na ile ya bure.

Jumamosi alifanya kosa ambalo hulifanya mtu aliyejifunza peke yake na hana wa kumvuta mkono. Alifungua video zake zote za zamani ndani ya programu mpya. Alitaka kuondoa upepo, mbwa, na miguu ya viti inayoburuzwa. Alitaka wifi aingie mbele ya kamati na video zinazosikika vizuri. Programu ilimuuliza kama isafishe na kusasisha faili zote kwa mkupuo. Alibonyeza ndiyo, kama mtu anayeulizwa kama aongezewe chai. Nakala hakuwa nazo. Kompyuta ilikuwa ndogo, kila faili lilikuwa moja. Kazi ilichukua mchana mzima. Jioni aliziangalia haraka haraka, bila sauti, akapenda jinsi rangi zilivyong'aa, akazima, akala kwa hamu. Ukweli lazima usemwe: jioni ile alikuwa na furaha.

Jumatatu wakati wa chakula wifi alikuja kwenye meza ya bati.

"Umenifanya nini?"

"Nimesafisha video."

Wifi akafungua kinywa. Mabega yakaruka, macho yakajaa machozi, akaweka leso mdomoni na kuitoa ikiwa na doa la buluu. Haikusikika hata pumzi.

"Maumivu yapo palepale," alisema alipopata nafasi. "Kelele tu ndiyo imekwenda."

Ilikuwa hivyo kwa wanawake wote ishirini na wawili wa chumba cha rangi, kwa kuwa wote walikuwa wamepita katika video za Mkasi. Walikohoa kimya tangu asubuhi. Msimamizi alisema chumba kimetulia, akaandika idadi ya mitungi ya rangi kama kawaida. Kwenye zahanati muuguzi aliweka kipimo mgongoni mwa wifi, akasikiliza kwa makini, akaandika: mapafu safi.

Mkasi aliirudia programu ya zamani. Kila faili alilolifungua lilitoa maneno yaleyale: faili hili limetengenezwa na toleo jipya, haliwezi kusomeka. Alijaribu moja baada ya jingine, miaka kumi na mmoja. Kisha akamwaga gunia sebuleni. Alipiga magoti usiku kucha, akiweka vipande sikioni kimoja kimoja: vikombe vikianguka, watu wakisahau majina, mtu akilia. Vikohozi vya wifi havikuwamo, kwa sababu hakuwahi kuvikata. Alikipata kimoja tu, sekunde tatu, cha mwisho wa sherehe fulani, wifi alipokuwa ameshamaliza kusema.

Jumanne walikwenda wote wawili. Kamati ilikuwa ya watu watatu na karani. Walitazama video kwa utulivu. Waliona mwanamke akisimulia mizaha kwa miaka kumi na mmoja, akinyamaza mahali pasipostahili, mabega yakimruka.

"Huyu mama anapenda kucheka," mwenyekiti alisema.

Mkasi akaweka kipande mezani. Mwenyekiti alikisogeza sikioni, akampa wa kulia kwake, naye akampa wa tatu.

"Ni kikohozi," mwenyekiti alikubali. "Swali ni cha nani."

Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilionyesha bega moja na mgongo wa kiti. Karani aliuliza kama akiambatanishe. Fomu haikuwa na nafasi ya vitu vya namna hiyo, kikarudishwa kwa mwenyewe kwa shukrani. Uamuzi ulisomwa kabla ya saa tano: ushahidi haukutosha, madirisha yabaki yalivyo.

Nje, kwenye ngazi, wifi alimshika Mkasi mkono.

"Usilie. Angalau sasa naweza kukohoa mkutanoni bila kufukuzwa."

Mkasi hakuweza kucheka. Ulikuwa mzaha wa kwanza wa wifi kumpita hivi hivi.

Filamu ilionyeshwa Ijumaa. Jina lake liliandikwa mwishoni, mhariri mtaalamu, herufi nyeupe, na bwana wa mahusiano akasema ni nzuri, akaishia hapo. Watu walipiga makofi. Ulipiga.

Tangu hapo watu wamezoea. Watoto wa wifi wamejifunza kutazama mabega. Yakiruka, aliye karibu anainuka kuleta maji. Mkasi amerudi kwenye vitufe sita. Vipande vinaanguka tena chini ya meza, naye anavifagia. Amewarekodi wanawake wa chumba cha rangi mara nyingi kupitia kioo cha mlangoni, na kila mara wanatoka kimya. Kile kipande cha sekunde tatu anakiweka kwenye kopo la sukari lisilo na sukari. Wifi akija jioni analifungua mwenyewe, bila kuomba, anakiweka sikioni na kusikiliza.

"Nilikuwa na sauti," anasema, kisha anafunika kopo, wanakunywa chai.

Mkasi hamwombi msamaha tena. Aliomba mara moja, wifi akamwambia akiomba mara ya pili ataanza kukohoa kwa kelele ili kumkomoa, na wote wawili wakatazama chini.

Na wewe unayesoma umetikisa kichwa, umesema masikini, unatafuta pa kugeuzia macho. Hakuna kamba za kufunga. Chumba cha rangi kiko nyuma ya ghala, mlango wake hauna kufuli, na wanawake ishirini na wawili wamo ndani wakati huu, mabega yakiwaruka. Madirisha ni manane. Kila dirisha lina misumari sita, arobaini na minane kwa jumla, na imeshika kutu. Nyundo ya nyumbani kwako ina upande wa kung'olea. Inuka, uichukue, uende sasa hivi.