Miiba ya Shamba la Chini

Mwaka wa 1954, mvua za vuli zilipokaribia, Loise aliamua kufyeka shamba la chini. Alikuwa ameolewa pale Mbololo kwa mwaka mmoja tu, na mwaka huo wote alilitazama shamba lile kutoka mlangoni bila kuthubutu kuliingia. Kwa kweli halikuwa shamba tena. Lilikuwa kichaka cha miiba kilichoteremka kutoka nyuma ya jiko hadi karibu na kijito, miiba ile ya milimani yenye vitunda vyeusi, ambayo hujipinda mpaka ncha ikaguse udongo, na pale ncha inapogusa huota mizizi mipya. Asubuhi ukungu ulipotanda, kichaka chote kilipotea, na Loise alipenda kuwaza kwamba ukungu ukiondoka kitakuwa kimekwenda nao.

Mumewe, Donald, alifanya kazi ya reli Voi na alipanda nyumbani Jumamosi moja kila mwezi. Siku nyingine zote walikuwa wawili, Loise na mama mkwe wake, Tryphena. Macho ya Tryphena yalikuwa yameingia ukungu mweupe miaka sita nyuma. Aliona mwanga na kivuli, basi. Ndiye aliyekuwa akililima shamba la chini, na macho yalipokwenda, miiba ikaja.

Loise alianza kwa panga. Alifyeka siku nne, akayakokota matawi kwa uma wa mti, akayachoma. Alirudi nyumbani na michirizi ya damu mpaka viwikoni, lakini amefurahi, kwa sababu sasa kijito kilionekana kutoka mlangoni. Kisha mvua ikanyesha. Wiki mbili baadaye ardhi yote ilikuwa na machipukizi. Akafyeka tena. Yakarudi mengi zaidi, matatu kwa kila kisiki.

Jioni ile aliketi jikoni bila kuwasha moto. Tryphena alimsikia alivyonyamaza.

"Yana rangi gani?" akauliza.

"Yapi, Mama?"

"Machipukizi."

"Mekundu."

"Basi hujaiondoa, mwanangu. Umeipogoa tu. Kesho nishike mkono unipeleke."

Kulipokucha waliteremka pamoja. Ukungu ulikuwa mzito hata Loise hakuona miguu yake mwenyewe, na ilimpitikia kwamba asubuhi kama hiyo wote wawili walikuwa sawa. Tryphena alipiga magoti, akajifunga vipande vya gunia mikononi na kuacha vidole nje. Alipapasa chipukizi mpaka chini, akaingiza vidole udongoni, akafuata mzizi taratibu kama mtu anayetafuta sindano kitandani.

"Lete mkono wako," akasema. "Hapa. Umelisikia fundo?"

Loise aliligusa. Lilikuwa gumu, kubwa kama ngumi ya mtoto.

"Roho yake ndiyo hii. Ukiliacha, umefanya kazi bure. Ukilivunja, kila kipande kitaota."

Walichimba kulizunguka kwa jembe fupi hadi likatoka zima, wakaliweka juu ya jiwe lipigwe na jua. Asubuhi ile walitoa mafundo matano. Siku zilizofuata yakawa saba, kumi. Loise alikuwa na macho, lakini mafundo aliyapata Tryphena.

Ilikuwa kazi ya polepole, yenye kuleta usingizi mtu akiwa macho. Ukungu ulipita katikati yao, sauti ya mmoja ikamfikia mwenzake bila mwili. Na Tryphena, mikono ikiwa udongoni, alizungumza. Alisema usiku bado anaona. Katika ndoto anatembea shambani na kila kitu kipo mahali pake.

"Hapa ulipo wewe palikuwa na mgomba," alisema. "Mkubwa, wa ndizi fupi. Mbele yake mingine mitatu. Kushoto mfereji, maji yake baridi mpaka meno yanauma. Ukivuka mfereji kuna majimbi."

Loise alitazama kushoto. Palikuwa na mwamba na mteremko mkavu. Hapakuwa na alama ya mfereji, wala maji yasingeweza kupanda mpaka pale kutoka kijitoni. Siku iliyofuata Tryphena aliendelea: ng'ambo ya majimbi kuna jiwe bapa la kufulia, na kutoka jiwe hilo mtu anauona mlima wenye theluji. Hapo Loise alielewa kwamba shamba la ndotoni si hili. Tangu aolewe hakuwahi kuona mlima wa theluji kutoka pale Mbololo.

Donald alipokuja mwisho wa mwezi, alishuka shambani kuwatazama. Alisimama akimsikiliza mama yake akieleza habari za maji, kisha akacheka kidogo, bila ubaya.

"Mama, hapa hapajawahi kuwa na mfereji. Hayo unayosema ni ya Mahoo."

Tryphena aliacha kuchimba.

"Huko ulikuwa mtoto," Donald akaendelea. "Hapa hukupata kupanda majimbi hata siku moja. Ulikuwa unapanda maharagwe."

Tryphena alikung'uta udongo magotini, akaomba kurudishwa nyumbani. Jumatatu Donald alikwenda kazini, na asubuhi Loise alipomwita mama mkwe wake, alijibiwa kwamba magoti yanauma.

Loise aliwahi kusikia habari hiyo kwa majirani, ila hakuijua vizuri. Tryphena alizaliwa Mahoo, upande wa Taveta. Vita vya Wajerumani vilipofika mpakani, jamaa zake waliondoka kwa miguu, naye ana miaka kumi hivi. Baba yake alifia njiani. Mama yake alipata hifadhi huku milimani, akabaki, na hawakurudi tena.

Siku tatu Loise alichimba peke yake. Mafundo yalimvunjikia mkononi. Siku ya nne aliweka jembe chini, akapanda nyumbani, akamkuta Tryphena ameketi kitandani anakatakata maboga kwa kupapasa. Akaketi kando yake.

"Mama, ule mgomba wa kwanza ulikuwa hatua ngapi kutoka mlangoni?"

"Hukumsikia Donald? Hiyo ni Mahoo."

"Nilimsikia. Nauliza wa Mahoo."

Kisu cha Tryphena kilisimama juu ya boga.

"Hatua za mtoto au za mtu mzima?"

"Za mtoto. Nitazihesabu kwa miguu midogo."

"Ishirini na mbili," akasema Tryphena. Baadaye akaongeza, "Mbele yake pana mteremko kidogo, uangalie usianguke."

Wakaanza upya. Kila walipomaliza kutoa mafundo sehemu moja, Loise alipima kwa hatua fupi na kupanda alichoambiwa. Miche ya migomba aliipata kwa jirani mmoja aitwaye Obadiah, ambaye alimwonya kwamba anaipanda mahali pabaya, karibu mno na jiko. Loise alimshukuru, akaipanda hapo hapo.

Donald alipokuja mwezi uliofuata, aliitazama ile migomba, akatazama nyuzi na vijiti vilivyochomekwa upande wa kushoto. Jumapili, baada ya kanisa, alivua shati, akachukua sururu, akachimba mfereji kuanzia nyuma ya nyumba ili ushike maji ya mvua yatokayo mlimani. Alivunja mwamba mpaka jioni. Tryphena aliketi juu ya gunia akizisikiliza sauti za sururu.

"Peleka kulia kidogo," alimwambia mara moja.

"Ndiyo, Mama."

Mfereji ule ulikuwa na maji siku za mvua tu. Mlima wa theluji nao haukuonekana, bila shaka. Lakini kufika mwaka wa 1956 migomba ilikuwa imebeba mikungu, na Tryphena alikuwa akitembea shambani peke yake, bila fimbo, bila mkono wa mtu. Alijua pa kugeuka. Miiba haikuisha kabisa. Kila mvua ilileta michache pembezoni, naye ndiye aliyeizunguka asubuhi na kuing'oa ikiwa bado laini, akirudi na machipukizi mekundu ndani ya kanga.

Mwaka huo Donald alipata tikiti za bure kazini. Alikuja nazo mfukoni, akazitoa wakati wa chakula.

"Mama, garimoshi la Taveta linaondoka Alhamisi. Mimi na Loise tutakupeleka Mahoo."

Tryphena aliosha mikono, akaipangusa polepole.

"Nani yuko Mahoo?"

"Sijui. Lakini utasimama pale pale."

"Sijui sasa wamepanda nini kule," akasema Tryphena. "Nendeni ninyi. Mkipata ndizi nzuri, nileteeni mche."

Wakaenda wawili, wakarudi na miche mitatu.