Herufi Moja ya Fundi Mkuu

Herufi moja ndiyo iliyomtoa jasho mhariri wa kadi za mchezo mchana ule. Kwenye kadi aliyoishika, Fundi Mkuu wa chombo cha anga alisimama mbele ya injini iliyopasuka, spana mkononi, nyota zikiwaka nyuma yake. Chini ya picha palitakiwa pawe na neno moja la kanuni: *Hafi*. Yaani wahusika wengine wote wakiangamia, yeye habanduki mezani. Kiwandani walikuwa wamechapa *Hafai*.

Kompyuta ndiyo iliyojifanya kusahihisha, ila aliyebonyeza "kubali" ni mhariri. Na uso wa Fundi Mkuu ulikuwa wa baba yake mzazi.

Mwenyewe ndiye aliyempa mchoraji picha ya mzee, kovu la kwenye paji la uso likiwamo. Miaka thelathini na mmoja baba alitengeneza mitambo ya kiwanda cha nguo, hadi alipoletewa barua ya mistari miwili kwamba hahitajiki tena. Tangu hapo hakugusa hata bisibisi. Birika la umeme liliharibika jikoni, naye akalipita kama halimhusu. Mhariri, binti yake, alitaka kadi ile imwambie baba jambo ambalo kinywa chake kilishindwa kulisema.

"Kadi ya mzee nimempelekea asubuhi," mchoraji alisema huku akisuuza brashi. "Si nilikuwa napita kwenu."

"Ameisoma?"

"Hakuwa na miwani."

Hakungoja kusikia zaidi. Njia nzima aliomba miwani hiyo iwe imepotea, na ngazi za nyumbani alizipanda mbilimbili.

Miwani ilikuwa puani. Baba aliketi mezani, kadi mbele yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na maneno ni ya nani?"

Angeweza kuisingizia kompyuta. "Ni yangu, Baba. Lakini sivyo nilivyo..."

"Hujaweka nukta," mzee akamkatiza. "Kwa hiyo sentensi haijaisha. Hafai nini? Mimi sikukufundisha kuacha kazi nusu." Akamsogezea penseli. "Malizia."

Nafasi iliyobaki ilitosha neno moja dogo. Akaandika: *kufa*.

Mzee aliisogeza kadi karibu na macho, akasoma, akarudia kusoma. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya plastiki laini iliyoifunika kadi. Neno likafutika, likabaki vumbi la kijivu kidoleni mwake.

"Penseli haishiki hapa," baba akasema. "Tafuta kalamu ya wino."