Mistari ya Njano ya Lionel

Na itangazwe kwa mataifa yote yenye barabara za lami kwamba Jumapili ile, saa nne asubuhi, Mheshimiwa Lionel Ollerenshaw, mwalimu mstaafu wa jiografia, angezindua gari alilolijenga kwa mikono yake mwenyewe. Mataifa yaliyohudhuria yalikuwa mkewe Maureen, Hilary Tunnicliffe wa chama cha wajenzi wa magari, na mbwa wa jirani, ambaye alikojolea gurudumu la nyuma kabla hotuba haijaanza.

Gari lilikuwa limeletwa miaka sita iliyopita, vipande vitupu ndani ya makasha. Tangu hapo lilikaa ndani ya gereji, na Maureen akakaa nje ya gereji. Akipeleka chai, alizungumza na miguu ya mumewe, maana sehemu zake nyingine zilikuwa chini ya gari. Leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amekubali kupanda. Alijifunga kitambaa kichwani, akabeba keki ya limau ya mkutano wa chama. Njia ya kwenda mkutanoni ilikuwa moja tu: kushuka Mteremko wa Kanisani, wenye kona kali na ukuta wa mawe usiomjali mtu.

Lionel alikuwa anang'aa kama bwana harusi. Kisha Hilary akaingiza tochi chini ya boneti. Ndiyo desturi ya chama: gari jipya halitoki mpaka jicho la mtu mwingine lipite kwenye usukani na breki.

"Mistari yako mizuri, Lionel. Mizima yote. Mimi nimeridhika."

Mjenzi anapokaza nati kwa spana ya kipimo, ile inayolia 'tak' nati ikishafika, huchora mstari wa rangi ya njano kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imesogea. Ukiwa mzima, nenda kalale.

Hapo ndipo Lionel alipokumbuka. Mistari ya usukani aliichora ile siku mpiga picha wa jarida la chama alipokuja, ili gari lionekane limekamilika. Kukaza, angekaza kesho yake. Kesho yake kulikuwa na kriketi. Tangu hapo kila alipochungulia aliona njano, akaridhika, akaendelea na taa. Sasa hakujua ipi imekazwa na ipi imepambwa. Kiungo cha chini, kile kinachounganisha usukani na magurudumu, kikichomoka pale mteremkoni, usukani ungezunguka mikononi mwake kama sahani, na gari lingeelekea linakopenda lenyewe.

Sentensi moja ya kukiri ingetosha. Lakini Hilary alikuwa ameshamsifu, na Lionel ndiye aliyewahi kumfokea mwanachama mwenzake mbele ya watu kwa nati moja isiyo na mstari.

"Haya dereva, twende," alisema Maureen, akiingia kwa kuruka ubavu wa gari, kwa kuwa milango haikuwepo. Mguu mmoja ulibaki hewani muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

"Subiri kidogo, mke wangu. Upepo."

"Upepo una nini?"

"Upo."

"Lionel, tuko Uingereza. Ukisubiri upepo uishe, utanizika humu humu."

"Basi nitangulie peke yangu. Wewe uje na Hilary."

"Miaka sita nimekuwa mke wa miguu! Leo nimepata mwanamume mzima, unanipeleka gari la Hilary?"

Alifunga mkanda, akaweka keki mapajani na mkono wake juu ya goti la Lionel. "Wala siogopi," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ni mtu wa kukagua kitu mara mbili mbili."

Ufunguo ulikuwa tayari mahali pake. Vidole vya Lionel vilikataa kuuzungusha.

"Hilary, hebu nipe ile spana. Nikaze usukani tena kidogo."

"Ukaze nini, na mistari mizima?"

"Pengine nati zimelegea. Si unajua, mtetemo wa barabara."

Hilary alimtazama. "Barabara ipi, bwana? Hili gari halijawahi kuvuka kizingiti cha gereji."

Hilary alikunja mkono wa sweta, akauingiza chini hadi bega, akapapasa. Nati ya kiungo cha chini ilizunguka kwa vidole viwili. Ganda dogo la rangi ya njano likadondoka sakafuni.

Maureen hakushuka. Mkono wake ulibaki palepale gotini. "Lionel. Nitazame mimi, usitazame usukani. Hii uliikaza?"

"Sikuikaza."

"Na zile nyingine?"

"Sijui, Maureen. Nilizipaka zote siku ya picha. Nilitaka lionekane limekwisha, kisha nikasahau kukaza, na nimekumbuka sasa hivi, Hilary aliponisifu. Na bado nilishika ufunguo. Ulikuwa umekaa hapa na keki yako, na mimi nilikuwa naogopa Hilary atanionaje."