Chumba cha Mlango wa Uani

Harusi ya Hamdiya ilikuwa Kariakoo, nasi tulikuwa Kilosa, kwa hiyo tulipanda gari moshi: mimi, mume wangu Mbaruk, na mama yake, Bi Azza. Zamani hizo za Mwingereza, kabla ya vita vya Hitla. Hamdiya alikuwa binti wa wifi yangu, mjukuu wa kwanza wa Bi Azza. Kwa wifi wageni walikuwa wamejaa mpaka ukumbini, wamelazana kama dagaa, tukaambiwa tutafute pa kulala siku zile za harusi, ila pawe karibu, bibi asichoke.

Mbaruk alimpenda mama yake, akataka kumpa pazuri kuliko pote. Alitupeleka kwanza kwa Chandu, si mbali na stesheni. Chini watu walikunywa chai, juu palikuwa na vyumba vya kulala. Dirishani pazia la maua, kitandani chandarua cheupe kisicho na tundu hata moja.

"Hapa upepo unaingia mpaka asubuhi, mama," Chandu alisema.

Bi Azza hakutazama kitanda. "Na choo kiko wapi?"

"Chini, nyuma ya jiko. Unapita tu pale wanapokula."

Akazitazama ngazi. "Pananuka vitunguu. Twendeni."

Nyumba ya pili akasema ina kunguni. Nililipekua godoro mshono kwa mshono, sikuona hata mmoja. Ila mwenye nyumba alikuwa ametuambia kwamba usiku mlango wa uani hupigwa kufuli, na ufunguo analala nao mwenyewe, kwa ajili ya wezi.

Jua likatuwakia. Mbaruk, kapu la nguo za harusi kichwani, akatufikisha kwa Bi Kuruthumu, mwanamke mnene wa wanja mzito, mdomo haupumziki.

"Bi mkubwa namlaza hiki cha mbele," akasema, "aone harusi zote za mji zikipita. Kile cha nyuma, kando ya mlango wa uani, ni moshi mtupu. Nawapa wauza mkaa."

Mbaruk akashukuru. Bi Azza akaketi juu ya kapu. "Mwanangu, nirudishe stesheni. Mwambieni Hamdiya bibi yake anamwombea dua."

"Mama! Mtoto aolewe bila wewe? Nyumba tatu, zote mbaya? Basi nikujengee!"

Alifuta jicho kwa ncha ya buibui.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila nyumba macho yake yalitangulia kuutafuta mlango wa nyuma. Na kule Kilosa, chumba changu kikipakana na chake, nilizoea kusikia komeo la uani likivutwa, likirudishwa, likivutwa tena mpaka adhana ya alfajiri. Mama gani atamwambia mwanawe wa kiume jambo kama lile? Hata mimi hakuwahi kuniambia.

"Mume wangu," nikasema, "wa kuwaaibisha ni mimi. Ule muhogo niliokula stesheni ya Ngerengere umenigeukia tumboni. Nipeni kile cha nyuma, na Mama alale nami anishikie taa."

Bi Kuruthumu akapiga makofi. "Watu wa bara nyie! Kipande cha muhogo tu, mnautaka ua mzima!"

"Tena mlango usifungwe kufuli, bibi."

"Na sufuria zangu? Wezi wa hapa wanaiba hata mchuzi uliomo!"

"Nitalala nazo chumbani."

Basi tukalala na sufuria za Bi Kuruthumu, kubwa chini, ndogo juu, zimenuna ukutani. Bi Azza alitoka na kandili lake na kurudi kila alipotaka.

Kumbe Mbaruk amekwisha kumweleza dada yake habari za tumbo langu. Siku ya harusi, wanawake tumezunguka masinia, pilau inafuka, wifi akanishika mkono.

"Wewe hapana! Usije ukatuumbua mbele ya wakwe." Akanipa bakuli la uji, hata sukari haimo.

"Mwacheni mgonjwa wa muhogo!" mmoja akadakia, wakacheka. Nikaanza kunywa uji wangu.

Bi Azza, aliyeketi ubavuni mwa bibi harusi, akarudisha tonge siniani.

"Mpeni pilau. Huyo mzima. Anayetoka nje usiku kucha ni mimi. Haja ndogo hainingoji tena."

Wifi akaziba mdomo. Kisha bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, hata jina lake hatukulijua, akajikokota mpaka karibu na Bi Azza.

"Dada," akamwambia, "kwani wewe unawahi hata kuvaa ndara?"

Bi Azza alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Wazee wakasogea, kila mmoja na kisa chake cha choo na giza, na Hamdiya chini ya shela mabega yanamtikisika. Wifi akaniwekea pilau, akachagua mnofu mnono, akauweka upande wangu bila kunitazama.