Kioo cha Kitanda cha Nne

Saa nne asubuhi daktari alisimama kando ya kitanda cha nne, akasema sentensi tatu za Kiingereza juu ya kichwa cha mama, kisha akamtazama binti. Binti, ambaye ni fundi cherehani, aliitikia kwa kichwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wao hawakuwa wamesimama mbele ya koti jeupe.

Mama alikuwa amepata kiharusi na hakutamka neno tena. Fundi alitaka kujua jambo moja tu: kama atasema tena.

Mwalimu wake akawa mfagizi wa wodi, aliyefagia chini ya maneno ya madaktari kwa miaka ishirini na mbili. Alimpa neno moja kila alasiri, naye fundi aliliandika katika daftari lake la vipimo, kati ya kiuno cha huyu na bega la yule.

"Serebelamu," mfagizi alisema, akijigusa kisogo. "Ubongo wa nyuma. Hiyo ndiyo inayokuzuia usianguke. Haya, sema."

Fundi alilisema mara saba. Mara ya saba, kisogo cha mama yake kikawa kioo. Serebelamu ilionekana ndani, imekunjwa marinda madogo madogo, kazi safi. Muuguzi aliandika kwenye faili "kisogo: kioo", akavuta pazia kwa sababu ya jua.

"Usikiguse, mwanangu," mfagizi alionya. "Alama za vidole hazitoki upesi."

Siku ya tano walifika hipokampasi, penye kumbukumbu. Iliwaka kila fundi alipomwita mama kwa jina la nyumbani, Mama Redio, alilopewa kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzima. Basi alikuwa anasikia. Fundi alilia kwa furaha, akafuta macho, akafuta na kioo.

Siku ya tisa alijifunza afazia, yaani kupotewa na usemi, na upande wa kushoto wa kichwa nao ukawa kioo. Palikuwa na damu nyeusi iliyoganda. Sasa hata faili la Kiingereza lilisomeka. Alilipitia kwa kidole: damu itolewe ndani ya siku mbili, la sivyo usemi hautarudi. Binti ameulizwa kama angependa kusubiri. Ameitikia.

"Ulijua?" alimuuliza mfagizi.

"Faili silisomi, mwanangu. Mimi huyasikia maneno tu."

Daktari alikuja na wanafunzi sita. Waliinamia kioo, wakasifu kilivyo safi. Fundi alimwambia kwa Kiingereza kwamba siku ile hakuelewa, na kwamba moyo unamuuma. Daktari alimpongeza kwa matamshi yake.

Kisha akahamia kitanda cha tano, alikolazwa mzee aliyeletwa alfajiri. Alisema sentensi tatu, akamtazama mwana wa mzee, kijana anayepaka rangi nyumba. Kijana alivua kofia, akaitikia kwa kichwa.

Nyuma ya kioo, hipokampasi ya Mama Redio iliwaka bila kuitwa. Fundi aliinuka haraka kwenda kumwambia yule kijana, lakini daktari alikuwa ameshaandika.