Cherehani Ikisimama

Siku mume wangu alipoondoka asirudi ilikuwa Jumanne, na mimi nilikuwa natia kola kwenye mashati ya sare. Aliaga kama siku zote, akaenda chuoni kwake, chuo cha wachungaji, alikokuwa akifundisha Kigiriki cha kale. Saa tano asubuhi alianguka mbele ya ubao. Aliyenipigia simu hakuwa mkuu wa chuo. Alikuwa Kalamu Nyekundu.

Jina hilo nilimpa mimi. Alikuwa mwalimu mwenzake wa kike, na kila karatasi aliyoipitia ilirudi nyumbani kwangu imejaa wino mwekundu. Miaka sita walikuwa wakiandika pamoja kitabu cha sarufi ya Kigiriki kwa Kiswahili. Mimi nimeishia kidato cha nne. Nilichokijua nilikidaka tu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilijua kitenzi cha Kigiriki kina kauli tatu: ya kutenda, ya kutendwa, na nyingine katikati yao, ambapo mtu anatenda jambo kwa ajili yake mwenyewe. *Luo*, nafungua. *Luomai*, nakomboa kilicho changu. Nilijua pia kuna wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea, wala huambiwi liliishaje. Sura ya wakati huo ndiyo waliyokuwa hawajaimaliza.

Na nilijua kwamba mume wangu akiongea naye kwenye simu alicheka kicheko ambacho mimi sikuwahi kukipata.

"Mnacheka nini?"

"Ah, kitenzi tu."

Kitenzi! Miaka ishirini na miwili ya ndoa, sijawahi kumchekesha mtu kwa kitenzi.

Jioni alikuwa na mazoea yake. Alivuta kiti karibu na cherehani yangu, akapakata boksi la viatu lililojaa kadi zenye sentensi za kitabu chao, akazisoma moja moja kwa sauti. Kigiriki kwanza, kisha Kiswahili chake. "Mjane alikuwa akifagia ua." "Ghala lilikuwa likijengwa." Mimi nilikanyaga cherehani. Kadi nyingi zilikuwa na mwandiko mwekundu, kwa hiyo nilijua anachonisomea ni maneno ya yule. Hata nyumbani kwangu, jua likizama, yule alikuwa ameketi kati yetu.

Miezi miwili baada ya mazishi Kalamu Nyekundu alikuja mwenyewe. Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwepo, amekuja kunisaidia kushona vifungo.

"Hodi, wifi," Kalamu Nyekundu alisema mlangoni.

Dada wa marehemu akaninong'oneza, tena si kwa sauti ndogo, "Wifi? Kumbe baba yetu alikuwa na binti wa siri."

Mgeni alijifanya hakusikia. Alikaa kwenye kiti kilekile. Alisema amekuja kuomba maboksi, maana bila zile kadi hawezi kuimaliza sura.

"Maboksi yapo," nikamwambia. "Hayatoki."

"Huyu hashibi," wifi alisema. "Kicheko kapata yeye, pumzi ya mwisho kapata yeye, sasa anataka na viatu."

"Ni maboksi ya viatu, dada," mgeni akasema.

"Hayohayo."

Kulikuwa na swali lililonikaa kooni miezi miwili. Nililitoa. "Mwishoni alisema nini?"

Hakunitazama. Aliitazama cherehani. "Nilimpa sentensi mpya. Akaisoma, akaitia mfukoni, akasema, 'Nitaipeleka nyumbani ikasikilizwe.' Halafu akaenda ubaoni."

"Ikasikilizwe na nani?"

"Kumbe hujui?"

Aliomba nimletee boksi moja tu, tulitazame hapohapo. Nililileta. Kwenye pembe ya kila kadi kulikuwa na duara au msalaba. Nilikuwa nimeiona ile misalaba tangu zamani. Kwa kuwa ni chuo cha wachungaji, nilidhani ni mambo ya dini.

"Duara, cherehani iliendelea," alisema. "Msalaba, cherehani ilisimama. Alisema ukisikia Kiswahili kibovu mguu wako unasimama kabla wewe mwenyewe hujajua. Miaka sita! Nina shahada mbili mimi, na kila sentensi niliyoipenda ilirudi na msalaba. Nikimuuliza kosa liko wapi, ananijibu, 'Cherehani imekataa.' Nilikuwa naomba hii mashine iharibike."

Wifi alicheka mpaka vifungo vikamwagika. "Jamani! Mtu anakionea chuma wivu!"

Mimi sikucheka. Nilipekua kadi nyekundu. Misalaba, misalaba. Ilipasa nimhurumie, lakini nilifurahi. Kisha furaha ikanitumbukia nyongo: siri hii ilikuwa ya mguu wangu, na aliyeambiwa ni yeye.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Angekuambia, mguu ungeanza kuigiza."

Niliingia chumbani nikafungua mfuko wa nguo tuliopewa hospitalini. Sikuwa nimeugusa. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imekunjika, wino mwekundu, pembe zote tupu. Nilimpa, nikakaa kwenye cherehani, nikaweka kitambaa chini ya sindano.

"Soma."

Akasoma Kigiriki. Kisha Kiswahili: "Dada alikuwa akimshawishi mgeni abaki."

Mguu wangu uliendelea. Niliusikia ukiendelea, nikauchukia. Pindo likafika mwisho, nikakata uzi. Nikaomba kalamu yake, nikachora duara.

Maboksi hayakutoka. Anakuja yeye, kila Jumamosi saa tisa mchana, anakaa kwenye kile kiti na kusoma, nami nashona. Sura imefika nusu. Juzi nilisimamisha cherehani mara nne. Katika hizo, mara moja sentensi ilikuwa nzuri.