Bolti za Pangaboi

Rahabu alimwamkia shikamoo mara mbili. Yusuph hakuitikia. Aliendelea kujifuta mikono kwa tambara lenye grisi, macho yake uwanjani, kana kwamba mbele yake hakuna mtu.

Ndege iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ndogo, ya watu wanne, mali ya Kristian, mume wa dada yake Rahabu. Iliruka kutoka uwanja wa vumbi nje kidogo ya Mombo ikipeleka watalii kutazama majabali ya Irente kutoka angani. Pangaboi lake la mbele, linaloivuta ndege, lilikuwa limepigwa na jiwe wakati wa kutua, na Yusuph, fundi wa siku nyingi, alikuwa amefunga jipya. Kilichobaki ni saini ya mtu mwenye leseni. Rahabu alikuwa nayo. Alifanya kazi katika karakana ya ndege Dar es Salaam, na wakati huo alikuwa likizo kwao Lushoto.

"Baba, hizi bolti umezikaza kwa nini?" aliuliza.

"Kwa mikono yangu."

"Nauliza spana."

Yusuph akaonyesha kwa kidevu. Ukutani iliegemezwa spana ya kawaida, kipande cha bomba la maji kimechomekwa kwenye mpini ili kuongeza nguvu.

"Spana yenye kipimo haipo? Ile inayoonyesha umekaza kiasi gani?"

"Iliharibika. Miaka yote hiyo sijaangusha ndege."

Rahabu akaomba kitabu cha matengenezo. Akaletewa nakala zilizofifia, kurasa nyingine hazipo. Alizisoma akiwa amesimama. Zilikuwa za pangaboi la chuma, na lililofungwa pale lilikuwa la mbao.

"Siwezi kusaini," alisema.

Kristian, aliyekuwa akizungumza kwenye simu, akaikata. "Shemeji, kuna wageni wananisubiri kule juu tangu jana. Nimekuita usaini, sijakuita uje kutufundisha kazi."

"Mbao haikazwi kama chuma, shemeji. Ikizidi, inapondeka ndani na huioni kwa nje."

"Kwa hiyo mzee huyu hajui kazi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema," Yusuph alidakia. "Mbele ya watu."

Jioni, nyumbani kwa Kristian huko Lushoto, Secilia, dada yake Rahabu, alipakua ugali. Sahani ya mdogo wake aliisukuma juu ya meza bila kumtazama.

"Kanisa zima linajua ndege imekwama kwa sababu yako," alisema. "Umekuja kutuzibia riziki?"

"Dada, watu wakifa—"

"Usinitajie vifo mezani. Kula."

Rahabu alikula tonge chache, akatoka nje kwenye baridi, akampigia Sabra, aliyesoma naye, mwenye karakana yake Tanga. Akamwomba spana ya kipimo na kurasa sahihi. Sabra akaahidi kuvituma Mombo kwa basi la kwanza.

Asubuhi, kabla basi halijafika, Yusuph alikuwa amekwisha kuketi ndani ya ndege pembeni ya rubani, Faraji.

"Kama nimefanya vibaya, nife mimi," alimwambia Rahabu kupitia dirisha.

Rahabu akamsihi ashuke. Yusuph akafunga mlango. Ndege ikaruka, ikazunguka juu ya mashamba ya mkonge, ikatua salama. Vibarua waliokusanyika wakapiga makofi, na mmoja akamzomea Rahabu.

"Haya," Kristian alisema, akimnyooshea kalamu. "Saini."

"Imerudi salama mara moja tu, shemeji. Hiyo hainionyeshi hali ya ndani."

"Faraji, mwambie huyu."

Faraji alikawia kujibu. "Inatetema, bosi. Kuliko zamani."

"Na wewe umeanza?"

Kifurushi cha Sabra kikaletwa na bodaboda kutoka stendi. Rahabu akasoma kurasa, akapanga spana, akajaribu bolti ya kwanza. Ilikuwa imekazwa kupita kiasi, na ya pili vilevile. Akamwomba Yusuph walishushe pangaboi. Yusuph alikubali, labda kwa sababu watu wote walikuwa wanatazama. Walipolilaza juu ya mkeka, kitovu chake cha mbao kilikuwa kimebonyea kuzunguka matundu, na ufa mwembamba umetoka tundu moja kuelekea jingine.

Faraji aliutazama ule ufa, kisha akaenda kuketi mbali, peke yake.

Yusuph alipitisha kidole juu ya ufa. Rahabu alidhani atasema naye, lakini alimgeukia Kristian.

"Nilikuomba hiyo spana. Nilikuomba na kitabu. Ukaniambia fundi wa kweli hahitaji."

"Fundi, si hapa."

"Hapa hapa. Leo asubuhi nilikuwa ndani humo."

Kristian aliingia kwenye gari lake, akaondoka bila kumsubiri shemeji yake. Rahabu alipanda Lushoto kwa usafiri wa kukodi kuchukua begi. Kabla hajaondoka, alipomshukuru Yusuph kwa kusaidia kulishusha pangaboi, mzee alimjibu kwamba hakufanya kwa ajili yake.

Ndege ilikaa chini msimu mzima. Spana mpya ilinunuliwa baadaye. Rahabu alisikia kwa Faraji. Kristian hakumpigia tena. Secilia alipiga siku ya Krismasi, wakaongea juu ya mguu wa mama yao unaouma na mahindi yaliyoliwa na nyani, kisha akasema ana wageni, akakata.